Siku za Kungoja Bandarini

Mtu anunuapo leo safari ya meli ya matembezi, mwenye kumwuzia tikiti humwuliza jambo ambalo wengi hulidhania kuwa ni ujanja wa biashara: usiku wa kuamkia safari utalala wapi? Na ukisha kuteremka, utaondoka siku ile ile, au utapumzika hotelini siku mbili tatu? Wasafiri wapya hukataa, wakisema kwamba wamelipa fedha za meli, si za kitanda cha nchi kavu. Ndege yao ikichelewa nusu siku, meli huwa imekwisha ng'oa nanga, nayo haimngoji mtu.

Swali hilo si geni pwani kwetu. Wazee wetu waliofuata pepo walilijibu kabla meli za moshi hazijazaliwa, na jibu lao ndilo lililojenga sehemu kubwa ya miji tunayoisoma katika historia. Katika somo hili tutalitazama hasa kwa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji, tangu mdomo wa mto Ruvuma hata kisiwa cha Ibo, kwa sababu huko ndiko hesabu ya kungoja ilikokuwa ngumu. Mwenye ramani na aifungue sasa.

Kila mwanafunzi anajua kwamba pepo zetu kubwa ni mbili. Kaskazi huvuma tangu Novemba au Desemba hata Machi, na kusi huvuma tangu Aprili hata Septemba au Oktoba. Neno lenyewe "msimu" tumelipata kwa Waarabu, na Wazungu nao wakalichukua kwa ajili ya pepo hizi. Chombo kilichotoka Maskati au Ghuba kwa kaskazi kiliweza kufika Zanzibar au Kilwa, kikauza tende na nguo, kikapakia boriti na pembe, kisha kikarudi kwa kusi ya mwaka ule ule. Lakini yapasa kukumbuka jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka: kusi ikisha kukaza, mwezi wa Juni na Julai, bahari ya Arabuni huchafuka kabisa, na bandari za kusini mwa Arabuni hazifikiki. Basi nahodha alikuwa na milango miwili tu ya kurudia. Mmoja ni Aprili na Mei, upepo ungali mchanga. Wa pili ni Agosti na Septemba, upepo ukianza kuchoka. Aliyekosa mlango wa kwanza alikaa pwani miezi mitatu zaidi, apende asipende.

Sasa tazama Kilwa ilipo, karibu digrii tisa kusini ya Ikweta. Kaskazi hupungua nguvu kadiri uendavyo kusini. Nahodha aliyetaka kufika Sofala kwenye dhahabu hakuweza kutumaini kwenda, kufanya biashara na kurudi kwao Arabuni katika mwaka mmoja. Ilimpasa ama aviachie vyombo vya Kilwa kazi ya safari ya kusini, ama alale pwani hata msimu wa pili. Ndiyo maana wanahistoria wengi husema kwamba Kilwa ilitajirika kwa mahali pake kama ilivyotajirika kwa mali yake. Ilikaa mwisho wa upepo.

Rasi ya Delgado iko ng'ambo kidogo ya mwisho huo. Tena hapo pana jambo jingine. Mkondo mkubwa wa bahari utokao mashariki, upande wa Madagaska, huipiga pwani ya Afrika karibu na rasi hiyo, ukagawanyika: nusu hupanda kaskazini kupita Kilwa, Zanzibar na Mombasa, na nusu hushuka kusini kuelekea kisiwa cha Msumbiji. Chombo kilichotoka Ibo kwenda kaskazini kilikuwa na kazi ya kupita njia-panda hiyo ya maji. Upepo ukilegea, hakikuenda popote. Visiwa vya Kirimba, ambavyo Ibo ni kimoja chao, vimejipanga kando ya pwani hiyo kama shanga, na nyuma ya kila kimoja maji yametulia. Kwa hiyo haikuwa ajabu kwamba vilikaliwa na mabaharia, wafanya biashara na wafuma nguo. Wareno wa kwanza waliviita visiwa hivyo Maluane, kwa jina la nguo zilizofumwa huko. Watu wake ni Wamwani, yaani watu wa pwani, na lugha yao, Kimwani, ni jirani ya karibu ya Kiswahili.

Mgeni aliyekataa kungoja tunaye katika historia, naye ni Vasco da Gama. Alifika kisiwa cha Msumbiji mwanzo wa Machi, 1498, kaskazi ikiwa inakufa. Alipotaka kuondoka, upepo ulikatika na mkondo ukamrudisha nyuma, hata hakuondoka kweli kweli mpaka tarehe 29 ya mwezi ule. Tarehe 1 Aprili aliona visiwa vya Kirimba. Rubani wake, mtu wa pwani yetu, alisema kwamba ile ni bara. Ilipoonekana kuwa ni visiwa, Mreno alimpiga mtu yule viboko, na kisiwa kimoja kikaitwa na Wareno kisiwa cha aliyechapwa. Siku chache baadaye walitaka kuingia Kilwa, lakini mkondo na upepo viliwapitisha. Huo ni mkondo ule ule niliousema.

Huko Malindi alipata rubani mjuzi, na wakati ulikuwa umewadia. Waliondoka tarehe 24 Aprili, wakafika Calicut tarehe 20 Mei: siku 26. Wakati wa kurudi Wareno waliondoka pwani ya Bara Hindi mwanzo wa Oktoba, kusi haijesha na kaskazi haijaanza. Walielea baharini karibu miezi mitatu. Waliiona pwani ya Mogadishu tarehe 2 Januari, 1499. Watu kama thelathini walikuwa wamekufa njiani kwa ugonjwa wa fizi, na waliobaki na nguvu za kushika kamba walikuwa saba au wanane katika kila chombo. Baada ya Malindi iliwapasa kuichoma moto meli moja kwa kuwa watu wa kuiendesha hawakutosha. Lau wangalikaa bandarini hata Desemba, kaskazi ingaliwavusha kwa muda wa mwezi mmoja au zaidi kidogo. Walitaka kuokoa miezi miwili ya kungoja, wakaipoteza yote miwili baharini na watu juu yake.

Basi, waliokubali kungoja walilala wapi? Hoteli haikuwako. Ibn Battuta, aliyepita pwani yetu mwaka 1331, ametuachia maelezo ya desturi ya Mogadishu, nayo yafaa kusomwa polepole. Chombo kilipoingia, vijana wa mji walikiendea kwa mashua, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimpa sahani mfanya biashara mmoja na kusema kwamba huyu ndiye mgeni wangu. Tangu hapo mgeni yule alishukia nyumbani kwa mwenyeji wake tu, isipokuwa kama alikwisha kuufahamu mji. Mwenyeji ndiye aliyemwuzia mali yake na kumnunulia. Mtu akimpunja mgeni, au akifanya biashara naye pasipo mwenyeji kuwapo, biashara hiyo ilihesabiwa kuwa batili.

Angalia vizuri, ndugu mwanafunzi. Hapa pana malazi, pana chakula, pana dalali, na pana sheria, vyote katika sahani moja. Baadhi ya watu husema kwamba ukarimu wa namna hii si ukarimu, maana mwenyeji alipata faida. Mimi sikubali. Mwenyeji aliyekula na mgeni wake miezi minne alikuwa na sababu ya kumlinda ambayo mwenye hoteli hana. Na mgeni aliyeoza mke mjini, kama walivyofanya wengi, alirudi mwaka wa pili nyumbani kwake, si ugenini. Koo kadha wa kadha za pwani, tangu Lamu hata Ibo, zina babu aliyekuja kungoja upepo.

Lakini si kila aliyelala bandarini alikuwa mgeni wa mtu. Katika karne ya 18 na ya 19, Ibo ilikuwa bandari ya biashara ya watumwa, na watu walipelekwa toka huko hata visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Ngome ya São João Baptista, iliyojengwa mwaka 1791, ingali imesimama. Watu waliotolewa bara walizuiliwa kisiwani kungoja chombo na upepo, kwa hesabu zile zile za kaskazi na kusi, nao hawakuletewa sahani iliyofunikwa. Ureno iliipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1836, ila marufuku ya karatasi haikuimaliza. Mwalimu afundishaye pepo za msimu asiache kulitaja jambo hili, maana upepo ni ule ule.

Ibo ilikuwa mji mkuu wa Cabo Delgado hata mwaka 1929, ndipo heshima hiyo ikahamia Porto Amélia, mji ambao sasa huitwa Pemba. (Tusiuchanganye na kisiwa chetu cha karafuu.) Meli kubwa zilitaka maji ya kina, na ghuba ya Pemba inayo, Ibo imezungukwa na mikoko na mafungu ya mchanga. Hata leo mashua ya kuvuka kutoka bara, upande wa Tandanhangue, huenda maji yakijaa tu. Yakitoka, utapwelewa katikati ya mikoko pamoja na mizigo yako. Na maji huchelewa kujaa kwa muda wa dakika hamsini hivi kila siku: yakijaa leo saa sita mchana, baada ya siku sita yatajaa karibu saa kumi na moja jioni. Basi aliye Ibo na tikiti ya ndege ya Pemba hana budi kutazama mwezi kabla ya kutazama saa. Tena kuna tufani. Tarehe 25 Aprili, 2019, tufani iliyoitwa Kenneth iliipiga pwani hii na kuangusha sehemu kubwa ya nyumba za Ibo, wakati ambapo wengi walidhani majira ya hatari yamekwisha. Anayeshauri siku mbili za akiba kwa safari za Machi na Aprili hasemi uwongo.

Watalii waliokwenda visiwa hivyo kwa majahazi walipungua sana baada ya Oktoba 2017, vita vilipoanza Mocímboa da Praia. Tarehe 24 Machi, 2021, mji wa Palma, ulio kwenye ghuba ya Tungi karibu na rasi yenyewe, ulishambuliwa. Watu zaidi ya mia walijifungia katika hoteli moja wakingoja kuokolewa; siku ya tatu baadhi yao walijaribu kutoka kwa msafara wa magari, na wengine wakauawa njiani. Wengi zaidi hawakuwa na hoteli. Walikaa ufuoni na vichakani mpaka vyombo vilipowachukua, na meli moja ya abiria ilifikisha Pemba watu zaidi ya elfu moja.

Kabla ya hapo, mwisho wa mwaka 2020, maelfu ya watu wa visiwani na wa pwani walikuwa wamekwisha kuja kwa majahazi na kushuka Paquitequete, mtaa wa wavuvi wa mji wa Pemba. Wengi hawakulala kambini. Walichukuliwa majumbani, kwa ndugu na hata kwa wasio ndugu, nyumba moja ikajaa jamaa tatu au nne, na chakula kikagawanywa hivyo hivyo.

Sasa kazi ya nyumbani. Rasi ya Delgado iko digrii 10 na dakika 41 kusini. Ibo iko digrii 12 na dakika 20 hivi. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya bahari. Tafuteni umbali wa kutoka kaskazi kwenda kusi, kisha mseme jahazi liendalo maili tano kwa saa litachukua saa ngapi. Nahodha hasafiri usiku kwa kuogopa miamba, na mchana anazo saa kumi za kwenda. Akitweka tanga penye rasi Jumatatu alfajiri, na mgeni wake ana ndege Pemba Alhamisi asubuhi, je, amshauri alale Ibo usiku mmoja, au wamwombe mwenye ndege ampe tikiti ya Ijumaa? Msisahau maji ya Tandanhangue.