Siri ya Mtoa Taarifa na Haki ya Anayetuhumiwa

Kibaha ni moja ya wilaya tatu, pamoja na Bagamoyo na Chamwino, ambako TASAF ilianza mwaka 2010 kuzipa kaya maskini ruzuku ya fedha kwa majaribio. Baadaye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, uliozinduliwa mwaka 2012, ulienea nchini, Kisarawe ikiwemo. Penye fedha kidogo na wahitaji wengi, manung'uniko hayakosi: fulani ana duka, fulani ni shemeji wa mwenyekiti. Mengine ni kweli. Serikali imewahi kuondoa makumi ya maelfu ya kaya kwenye orodha baada ya uhakiki, nyingine zikiwa kaya hewa. Basi anayefichua wizi wa fedha ya maskini anatenda haki, wala halazimiki kujitangaza. Sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi inataka jina lake litunzwe, mradi ametoa taarifa kwa nia njema.

Sasa tuchukue mfano. Mjane mmoja wa kijijini Kisarawe ameandikiwa karatasi isiyo na jina: ana nyumba ya bati, na mwanawe anafanya kazi Dar es Salaam. Jina linakatwa. Siku ya malipo anaambiwa, "Mama, humo." Akiuliza sababu, anajibiwa kwamba ni siri.

Hapo neno siri limetumiwa vibaya. Siri inamfunika mtoa taarifa, haiifuniki tuhuma. Katiba yetu, ibara ya 13(6), inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na ya kukata rufaa pale haki zake zinapoamuliwa. Atajiteteaje asiyejua ameshtakiwa nini? Nikodemo aliwauliza wenzake swali hilohilo (Yn 7:51).

Ugumu upo, tusiufiche. Kijijini, ukitaja tuhuma mara nyingi umemtaja na msemaji, kwa kuwa ni jirani mmoja tu aliyelijua jambo hilo. Njia ni kukumbuka kwamba karatasi si ushahidi bali sababu ya kwenda kuangalia. Mhusika afike mwenyewe, aione nyumba, aulize. Huenda bati limenunuliwa kidogokidogo kwa akiba ya ruzuku hiyohiyo, jambo ambalo mpango wenyewe unalihimiza! Huenda mwana hajatuma hata shilingi. Na kama kweli mama hastahili, ataambiwa yale yaliyoonekana kwa macho, na mwandishi wa karatasi hatahitajika kabisa. Torati haikukubali shahidi mmoja (Kum 19:15), na Danieli alimwokoa Suzana kwa kuwatenga wale wazee wawili na kumhoji kila mmoja peke yake (Dan 13). Hata Kaisari Traiano, aliyeruhusu Wakristo waadhibiwe, alimwandikia liwali wake Plinio mwanzoni mwa karne ya 2 kwamba mashtaka yasiyo na jina yasipokewe.

Kwa maoni yangu, ni afadhali jina linalojulikana kwa mpokeaji mmoja na kutunzwa kuliko karatasi isiyo na mwenyewe. Mpokeaji anaweza kumrudia mtu huyo na kumuuliza: uliona, au ulisikia?

Waseminari wazingatie jambo moja zaidi. Muumini akimtaja jirani yake katika kitubio, padre hawezi kulifanyia kazi jambo hilo hata kidogo (kanuni 983 na 984). Anaweza kumshauri aliseme nje ya kitubio, kwa mtendaji wa kijiji, kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri, au TAKUKURU kwa namba 113 isiyolipiwa.

Wala jumuiya ndogondogo si mahali pa kuyataja majina hayo. Kanuni ya 220 inalinda sifa njema ya kila mtu, na Katekisimu (2477) inahesabu kuwa dhambi hata kufichua kosa la kweli bila sababu ya haki kwa wasiolijua. Mjane yule akija parokiani, asipewe pole tu. Asaidiwe kuandika rufaa yake, na kiongozi mmoja wa jumuiya aende naye hadi halmashauri kuomba aambiwe sababu kwa maandishi.