Nimekula yamini niache, bado narudi kulekule

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanamume wa miaka 36, nina mke na watoto wawili, nauza spea za pikipiki hapa Morogoro. Nateseka na siri ya miaka mitatu. Nikifunga duka tu, miguu inanipeleka gesti. Nikijizuia, nakesha na simu nikitazama video za ngono mpaka bando linakata. Starehe yenyewe siioni tena, nikimaliza najichukia. Nimevunja laini, nimekula yamini, lakini wiki haipiti nimerudi. Juzi nimetumia ada ya mtoto, nikakopa kausha damu kuifidia. Rafiki yangu anacheka, anasema mimi ni rijali. Mganga kanila pesa, kasema nina jini mahaba. Mke wangu hajui. Hili ni jini, ni tabia mbaya, au ni ugonjwa?*
*Niliyechoka, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa mzigo huo. Kwa jinsi ulivyojieleza, dalili zako zinafanana na tatizo la akili linalojulikana kitabibu, la kushindwa kudhibiti msukumo wa ngono, na linatibika. Kulithibitisha ni kazi ya daktari, si yangu wala ya mganga.

Shirika la Afya Duniani limeliingiza katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 1, 2022. Limo katika kundi la matatizo ya kushindwa kudhibiti misukumo. Wataalamu bado wanajadiliana kama liitwe uraibu, lakini wanaoumia nalo wana haki ya kutibiwa kama wagonjwa wengine.

Daktari hahesabu umefanya mara ngapi. Wapo wenye hamu kubwa wanaoridhishana na wenzi wao na maisha yanakwenda, hao hawaumwi. Yupo pia anayetazama video mara mojamoja, kisha dini yake ikamsuta. Majuto hayo peke yake si ugonjwa. Kinachoangaliwa ni kama kwa miezi sita au zaidi umeshindwa kujizuia, kazi, afya na familia vikawekwa kando. Kama umejaribu kuacha mara nyingi bila mafanikio. Na kama unaendelea japo unaumia au huoni raha. Soma barua yako upya uone mangapi yamo. Rafiki yako asikudanganye: rijali anaweza kusema leo hapana. Wewe hiari hiyo imekuponyoka.

Katika sehemu ya barua ambayo sikuichapisha, umesimulia siku mkopeshaji alipokupigia simu mbele ya wateja. Mchana kutwa ulikuwa na fundo kifuani. Jioni ukafunga duka, ukapitia gesti, fundo likalegea. Ulipofika nyumbani mkeo akakutengea ugali, ukashindwa kumtazama usoni, na usiku uleule ukashika tena simu. Hayo yote yanaelezeka bila jini. Dhiki ilitafuta pa kutulia, ngono ikaituliza kwa muda mfupi, aibu ikazaa dhiki mpya. Kwa wengi ngono hugeuka kitulizo cha wasiwasi, sonona, upweke au jeraha la kudhalilishwa utotoni. Viapo vyako havikusaidia kwa sababu kila kilichovunjika kilikuongezea aibu, na aibu hiyo ndiyo inayokurudisha. Kujichukia zaidi hakutakuponya.

Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, uulizie kliniki ya afya ya akili. Ukiona aibu kukutana na watu wa mtaani kwenu, huduma hizo zipo pia Muhimbili, Dar es Salaam, na Mirembe, Dodoma. Kutibiwa Mirembe si kutangazwa kichaa. Mweleze daktari kila kitu: pombe, dawa za kulevya, hata dawa unazomeza. Baadhi ya dawa za ugonjwa wa Parkinson huweza kuchochea tabia hii, na mgonjwa wa bipola anaweza kuionyesha akiwa amechangamka kupita kiasi. Akijua chanzo, atajua pa kuanzia. Tiba kuu ni ya mazungumzo: unajifunza kutambua saa, mahali na hisia zinazotangulia, na jinsi ya kuvumilia msukumo ukipanda, kwa kuwa hupanda kisha hushuka. Wengine huongezewa dawa, hasa zile za sonona. Inachukua muda, na ukiteleza siku moja, rudi kliniki. Usiseme yote yameharibika.

Wakati huohuo, usifunge duka peke yako. Kijana wa dukani akusindikize mpaka nyumbani. Ada ilipwe shuleni kidogo kidogo kila mauzo yakiingia. Simu ilale sebuleni. Sala na dua zako endelea nazo, lakini mganga usimpelekee hata shilingi nyingine.

Pima VVU na magonjwa mengine ya zinaa wiki hii. Kama umefanya ngono bila kondomu ndani ya saa 72 zilizopita, kimbilia kituo cha afya leo hii uulizie dawa za PEP. Usikutane na mkeo bila kondomu mpaka ujue afya yako.

Naye ana haki ya kujua, maana mwili wake pia uko hatarini. Ugonjwa unaeleza kwa nini ulifanya, haufuti ulichomfanyia. Mwombe mshauri akusaidie kupanga mazungumzo, kisha anza na ukweli wa ulichofanya, ndipo ueleze ugonjwa. Atalia, atakasirika, pengine ataenda kwao kwa muda. Mpe nafasi, wala usimgeuze askari wa kukulinda. Kupona ni kazi yako.

Ukiingia kwa daktari usizunguke mbuyu. Sema: "Nimeshindwa kujizuia kwenye mambo ya ngono, yananiharibia maisha, naomba tiba." Anawajibika kukutunzia siri. Ukikutana na anayekucheka, omba kuonana na mwingine, na usitoke hospitali kabla hujapewa tarehe ya kurudi.

Shangazi