Mdogo Wangu, Fungua Boneti

Wadogo zangu, leo tuongee habari za gari. Nawalenga ninyi wenye magari ya umri mkubwa: IST ya mwaka 2003, Vitz, Corolla, Starlet ya zamani kabisa. Gari limetumika Japani, likapanda meli, likapita mikononi mwa watu wawili watatu hapa mjini, na sasa kadi ina jina lako. Malalamiko yenu mengi yanafanana: umepeleka gari gereji kwa tatizo moja, umebadilishiwa vitu vitatu, pesa imekwisha na tatizo lipo palepale.

Ushauri wangu ni uanze kulihudumia mwenyewe, pole pole, kwa yale unayoyaweza. Pesa utaokoa, ndiyo. Lakini faida kubwa zaidi ni kulijua gari lako. Mtu anayejua oili yake inapungua kiasi gani kwa mwezi, anayejua rejeta yake ilijazwa nini na lini, fundi hambabaishi.

Nitatolea mfano IST ya toleo la kwanza, ile ya 2002 hadi 2007, maana barabara zetu zimejaa hizo. Zenye cc 1,500 zina injini ya 1NZ, na injini hiyo hiyo utaikuta kwenye Probox, Raum na Premio za cc 1,500. Zile za cc 1,300 zina 2NZ, ndugu yake wa karibu. Zote hizi zina cheni ya taimingi ya chuma. Wewe mwenye Corolla 110 ya injini ya 5A una mkanda wa taimingi, na mkanda huo hubadilishwa kwenye kilomita 100,000 hivi. Kama umenunua gari la namna hiyo na hakuna anayejua mkanda ulibadilishwa lini, tenga pesa ya kazi hiyo kabla ya pesa ya redio mpya. Hiyo ni kazi ya fundi.

Vifaa vyako havihitaji kuwa vingi. Spana namba 8 hadi 17 na soketi zake, bisibisi mbili, plaizi, mita ndogo ya umeme, glovu na tochi. Kwenye Toyota namba 10, 12 na 14 ndizo utakazoshika kila siku, kwa hiyo hizo nunua nzuri. Spana laini hula kona za bolti, na bolti iliyolika ndiyo inayokurudisha gereji kwa aibu. Kabla ya kuinama kwenye injini, vua pete, bangili na saa, na ushungi uufunge nyuma. Pete ikigusa chanya ya betri na bodi kwa pamoja, inaungua kidoleni kwa sekunde moja. Feni ya umeme nayo inaweza kuanza kuzunguka yenyewe.

Chagua siku moja ya wiki, asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa sehemu tambarare. Chomoa kijiti cha oili, kifute kwa kitambaa, kirudishe hadi mwisho, kichomoe tena ndipo usome. Oili ikae kati ya alama mbili. Ikiwa nyeusi usishtuke, ndiyo kazi yake kubeba uchafu. Cha kukutisha ni oili iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa. Hapo maji yameingia kwenye oili, na gari hilo halitembei tena mpaka fundi aje. Kisha tazama kopo la maji ya rejeta, kopo la breki, na sakafu pale lilipolala. Andika ulichokiona kwenye daftari dogo, pamoja na kilomita. Daftari hilo nalipenda kuliko spana zote.

Sasa tukae kwenye maji, maana hapa ndipo magari mengi ya zamani yanapofia. Hedi ya injini hizi ni ya alumini. Ikichemka sana, hata mara moja, inaweza kupinda, gasketi ikaungua, na gharama ya kutoa hedi ikakufanya ufikirie kuliuza gari. Chanzo mara nyingi ni kitu cha bei ndogo.

Watu husema huku kwetu hakuna barafu, kulanti ya nini? Kuzuia kuganda ni kazi yake moja tu. Kulanti ina dawa ya kuzuia kutu ndani ya injini, na huinua kiwango cha maji kuchemka. Ukijaza maji ya kisima cha chumvi, ule utando mweupe unaouona ndani ya birika unajijenga ndani ya vijia vyembamba vya rejeta, na chumvi inaanza kula alumini. Kulanti iliyokolezwa ichanganye nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea betri yasiyo na asidi, usome vizuri lebo. Iliyokwisha kuchanganywa kiwandani jaza hivyo hivyo. Na iweke mbali na watoto, na paka pia: ni sumu, na ina utamu unaowavuta kuilamba.

Juu ya mfuniko wa rejeta kuna namba, kwenye Toyota nyingi ni 1.1. Hiyo ndiyo presha ambayo mfuniko unaibana. Maji yakibanwa hivyo hayachemki kwenye nyuzi 100, yanachelewa hadi karibu na 120. Kwa hiyo mpira wa chini ya mfuniko ukishakakamaa au kupasuka, gari litachemka ukipanda mlima wa Kitonga hata kama rejeta imejaa. Mfuniko mpya ni kitu cha bei ndogo, ununue kabla hujakubali kubadilishiwa rejeta. Na kwa sababu hiyo hiyo, nakusihi, usifungue rejeta ya moto hata kama una haraka kiasi gani. Presha ikiachiwa ghafla, maji yanalipuka kuwa mvuke na kukurukia usoni. Subiri mpaka uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta kwa mkono bila kuuachia.

Kuna tabia moja ya mafundi wetu ambayo inaniudhi sana, nayo ni kutoa thamostati. Gari likichemka, fundi anaitoa na kukuambia ni ya nchi za baridi. Si kweli. Thamostati ni mlango: injini ikiwa baridi unafungwa ili ipate joto haraka, ikifika nyuzi 80 na kitu unafunguka ili maji yaende rejeta kupoa. Ukiutoa, injini inatembea ikiwa baridi muda mrefu, hasa barabara kuu. Kompyuta ya gari inadhani bado ni alfajiri, inaendelea kumwaga petroli ya ziada. Mafuta yanakwisha haraka, masizi yanajaa kwenye plagi, na kile kilicholifanya gari lichemke bado kiko humo ndani. Dada mmoja analalamika IST yake inakunywa kama lori, kumbe tatizo ni hilo.

Kujua kama yako ipo, washa gari asubuhi likiwa baridi kabisa. Rejeta na mpira wake wa chini vinatakiwa kubaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha joto linaingia kwa mara moja. Kama joto linapanda taratibu kila mahali tangu mwanzo, yamkini thamostati haipo au imekwama wazi. Ukinunua mpya, ijaribu jikoni kabla ya kuifunga. Chukua sufuria kuukuu ambayo haitapikia tena, weka maji, itumbukize thamostati ikining'inia kwa uzi isiguse chini, washa jiko. Utaiona imefumba kimya, kisha kabla maji hayajachemka kabisa inaanza kujisukuma wazi polepole. Itoe, na ikipoa itajifunga tena. Isiyofunguka mpaka maji yanatokota, rudisha dukani.

Ndugu wa tabia hiyo ya kutoa thamostati ni feni iliyoungwa waya moja kwa moja. Ukiweka swichi tu, feni inazunguka na haikomi. Maana yake kuna sensa, rilei au waya ulioharibika na mtu amekwepa kuutafuta. Mwombe fundi wa umeme arudishe mfumo ulivyokuwa.

Na likichemka njiani? Zima AC, fungua hita hadi mwisho hata kama utatoka jasho, maana hita huvuta joto kutoka kwenye injini, kisha tafuta pa kusimama. Toyota ndogo kadhaa hazina mshale wa joto, zina taa tu: bluu injini ikiwa baridi, nyekundu ikizidi. Ukiiona nyekundu, simama na uzime. Subiri nusu saa au zaidi. Wale wanaokuja mbio na ndoo ya maji ya baridi kumwagia injini, wakatalie kwa upole lakini kwa msimamo. Chuma cha moto kikipata baridi ghafla huweza kupasuka.

Kubadilisha oili ni kazi ya mchana mmoja. Jambo la kwanza ni usalama: jeki ni ya kuinulia, si ya kukushikilia gari juu ya kifua. Vuta breki ya mkono, weka mawe nyuma ya magurudumu, inua, kisha weka stendi mbili za chuma chini ya mahali pagumu pa bodi. Kama huna stendi, usiingie chini. Injini iwe na uvuguvugu ili oili itiririke. Bolti ya kumwagia oili kwenye 1NZ ni ya spana namba 14. Badilisha washa yake. Ukitoa filta ya zamani hakikisha mpira wake haukubaki umeng'ang'ania kwenye injini, maana mipira miwili ikipandana oili yote itamwagika barabarani. Paka mpira wa filta mpya oili kidogo, ifunge kwa mkono mpaka iguse, ongeza robo tatu ya mzunguko, basi. Injini hii inakunywa lita 3.7 pamoja na filta. Kopo ni la lita 4, kwa hiyo usimalize lote. Mimi kwa foleni na vumbi letu hubadilisha kila kilomita 5,000. Oili chafu irudishe kwenye kopo na uipeleke gereji wanakokusanya. Usiimwage mchangani wala mtaroni, wapo watu wenye visima jirani.

Plagi zitakupa habari nyingi. Fungua moja baada ya nyingine injini ikiwa imepoa: koili inashikwa na bolti ya namba 10, plagi inatoka kwa soketi ya 16. Ncha ya kahawia hafifu ni afya. Nyeusi yenye masizi makavu, petroli inazidi, na hapo kumbuka habari ya thamostati. Ukikuta shimo la plagi limelowa oili, gasketi ya mfuniko wa juu imechoka. Plagi mpya ianze kwa vidole peke yake, mizunguko kadhaa. Ikigoma, itoe uanze upya. Nyuzi za alumini zikiharibika, hiyo si kazi yako tena.

Betri haina mambo mengi. Gari likiwa limelala usiku kucha, mita isome karibu volti 12.6, na likiwaka isome kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Ikiwa gari limewaka na bado unaona 12 na kitu, tatizo ni altaneta au mkanda wake, na betri mpya haitasaidia. Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri usafishe kwa magadi na maji ya moto. Anza kufungua hasi, na iwe ya mwisho kurudishwa.

Ukienda kwenye mitaa ya spea kama Gerezani au Kirinyaga Road, nenda na namba ya chasisi na kifaa cha zamani mkononi. NCP60 na NCP61 zote ni IST, lakini si injini moja. Boksi lenye nembo ya Toyota halitoshi kukuhakikishia, linganisha uzito, maandishi na namba ya kifaa. Na tairi za mtumba soma namba nne za mwisho za DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba ikizeeka hupasuka hata kama kashata zake zinaonekana nzima.

Yapo ambayo sitaki uyaguse peke yako. Waya za njano chini ya usukani ni za mifuko ya hewa. Usukani wenyewe, springi, na ndani ya breki, vyote hivyo mwachie anayejua. Kwenye breki kazi yako ni kuangalia: kopo likishuka, pedi zinaisha au kuna mahali panavuja. Usiongeze oili ya injini humo hata tone, mipira yote itavimba na breki zitakufa. Weka oili ya breki ya DOT 3 kama kifuniko kinavyosema.

Kwa hayo mengine tafuta fundi anayekubali usimame pembeni na kuuliza, anayekurudishia kifaa kibovu bila kununa. Wapo, na wengi wao hufurahi mteja akitaka kujua. Mlipe vizuri na kwa wakati. Siku ya kubadilisha pedi, mwambie afunge gurudumu la kwanza yeye, la pili ufunge wewe, naye akuangalie.