SOMO LA NYUMBANI: KUOSHA GARI NDANI NA NJE

Wahenga walinena kuwa haraka haraka haina baraka. Methali hii niliielewa barabara likizo moja nilipokuwa nyumbani. Mjomba wangu ni dereva wa teksi, na gari lake ndilo linalonilipia karo. Siku hiyo, jua likiwa la utosi, nililiosha kwa sabuni ya unga na kipande cha gunia. Nilitaka kumfurahisha. Lilipokauka, lo! Boneti ilikuwa imejaa mikwaruzo kama daftari la mtoto wa chekechea. Mjomba hakunikaripia. Alisema tu, "Mpwa wangu, kesho tutaliosha pamoja." Basi ndugu msomaji, haya ndiyo aliyonifunza.

Kosa lilikuwa wapi?
Vumbi la barabarani lina chembe za mchanga. Ukisugua kabla ya kulimwagia maji, chembe hizo hukwaruza rangi. Sabuni ya unga nayo ni kali, huondoa nta inayoikinga rangi. Tena jua hukausha povu upesi likaacha madoa. Kwa hivyo osha gari kivulini, bati likiwa limepoa.

Vifaa
Tafuta ndoo mbili, sabuni ya maji ya kuoshea magari, vitambaa laini, brashi, mswaki mkuukuu, siki kidogo na magazeti ya zamani.

Ndani
Anza ndani, ili vumbi litakalotoka lisiangukie mahali palipokwisha kuoshwa.
1. Toa takataka zote na mikeka ya miguuni. Ikung'ute, uioshe, uianike.
2. Fagia kutoka juu kwenda chini: paa, dashibodi, viti, kisha sakafu. Penye upenyo mwembamba tumia mswaki.
3. Sugua viti kwa povu, si kwa maji mengi. Sifongo ya kiti ikilowa, huoza na kunuka uvundo.
4. Vuta mkanda wa usalama wote, uupanguse kwa sabuni hafifu, uuache ukauke kabla ya kuurudisha. Usitumie dawa ya kung'arisha nguo, kwani hudhoofisha nyuzi, na mkanda huo ndio uhai wa abiria.
5. Pangusa vioo kwa maji yenye siki, umalizie kwa gazeti kavu.
6. Fungua milango yote hewa ipite hadi pakauke kabisa.

Nje
1. Anza na magurudumu, maana ndiyo machafu zaidi. Kitambaa chake kisiguse mwili wa gari.
2. Mwagia gari lote maji ili mchanga utoke.
3. Ndoo moja iwe ya sabuni, ya pili ya kusuuzia kitambaa. Osha kuanzia paa ukishuka chini.
4. Kinyesi cha ndege kilowanishe kwanza, usikikwangue. Kikikaa juani huila rangi.
5. Ndugu zetu wa pwani wasisahau chini ya gari, kwani chumvi ya bahari huleta kutu.
6. Suuza, ukaushe, kisha upake nta.

Tahadhari
Usichanganye dawa ya kung'arisha nguo na dawa ya choo wala na siki. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu, na ndani ya gari hakuna pa kuikimbilia. Usipake mafuta kwenye usukani wala pedali, dereva atateleza. Usimwagie injini maji, utaharibu nyaya za umeme. Ukimaliza, mwambie dereva ajaribu breki polepole, kwa sababu zikilowa hushika kwa shida.

Mikwaruzo ile ingalipo, ingawa tuliipunguza kwa nta. Kila nikiiona nakumbuka kuwa nia njema bila maarifa ni hasara tupu.

Zoezi
1. Kwa nini twaanza kuosha ndani kabla ya nje?
2. Tunga sentensi ukitumia: suuza, pangusa, kung'uta, kwangua.
3. Taja methali nyingine inayoafikiana na kisa hiki.