Gia ya boti haivunjwi na mwendo

Natengeneza mashine za boti kaskazini mwa Unguja, nyingi zikiwa za kati ya farasi 150 na 250. Kusi likishika naanza kuletewa giaboksi zilizokatika meno, na manahodha huniambia kauli moja: "Fundi, nilikuwa mwendo wa kawaida tu." Nawaamini. Kinachoua gia ni pigo, si mwendo.

Ndani ya giaboksi, shafti inashuka wima kutoka kwenye injini hadi kwenye pinioni, gia ndogo inayosukuma gia kubwa ya shafti ya propela. Injini ya farasi 200 ikizunguka mara 5,500 kwa dakika inatoa msokoto wa nyutonimita 260 hivi. Kwa uwiano wa gia wa 1.85 kwa 1, kwenye propela unafika karibu 480. Mzigo huo wote unabebwa na meno machache yanayogusana kwa wakati mmoja, na huwezi kuyanenepesha upendavyo, kwa sababu giaboksi nene ingezuiwa na maji.

Meno hayo yanauhimili mzigo huo kutwa nzima. Lakini boti ikiruka wimbi, propela inatoka majini, injini inakosa mzigo na mzunguko unapanda ghafla. Propela ikirudi, maji yanaikamata papo hapo, huku vyuma vizito vya injini bado vinazunguka kwa kasi ile ile ya juu. Mvutano huo unaishia kwenye pinioni. Rudia hivyo kutoka Nungwi hadi Mnemba na kurudi, nyufa ndogo zinaanza chini ya jino. Siku jino linapokatika, bahari huenda ni shwari, ndiyo maana nahodha anashangaa.

Boti za mashindano ya Class 1, kama zile ambazo timu ya Victory ya Dubai ilishindana nazo, zina watu wawili: mmoja ameshika usukani, mwenzake kazi yake kuu ni mafuta. Wewe uko peke yako, basi mkono wako usiondoke kwenye mkono wa gesi. Punguza mafuta kabla boti haijapaa, kisha ongeza taratibu ikishakaa majini. Na mashine ikianza kupiga kelele ya juu kwenye kona, propela inakula hewa: punguza, usingoje ishike yenyewe.

Gia uipachike injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini kabisa, kwa mkono mmoja thabiti. Wanaoisogeza polepole wakidhani wanaihurumia ndio wanaosaga kingo za klachi, halafu gia inaanza kuruka.

Propela ya chuma cha pua ni nzuri kwa kasi, ila ikigonga mwamba haipindi kirahisi, na pigo linapanda hadi kwenye gia. Kwenye maji yenye matumbawe mimi nachagua alumini. Bushi ya mpira iliyo ndani ya propela imewekwa ili iteleze wakati wa pigo kubwa. Usiichomelee kamwe.

Lililo muhimu kuliko yote ni oili ya giaboksi. Ibadilishe kila saa 100 za kazi. Fungua boliti ya chini, kisha ya juu, uiangalie inavyotoka. Ikiwa nyeupe ya maziwa, maji yameingia, na mara nyingi chanzo ni mshipi wa kuvulia uliojizungusha nyuma ya propela ukakata sili. Unga laini kwenye sumaku ya boliti ni wa kawaida. Vipande vinavyokwaruza kidole si vya kawaida. Jaza oili kwa kuisukuma kutoka tundu la chini mpaka imwagike juu, la sivyo hewa itabaki ndani. Funga kwa washa mpya.

Pinioni ikivunjika, ibadilishe pamoja na gia inayokutana nayo, na upimaji wa nafasi kati ya meno ufanywe upya. Fundi anayekuahidi pinioni peke yake, mkatalie.

Ndugu nahodha, ukikuta vipande kwenye sumaku, usipakie abiria siku hiyo.