Besi ya nyuzi tano kwa laki saba

Barua ya wiki hii imetoka Mbeya. Aliyeiandika ni binti wa miaka 24, muuza vitenge, na kwa miaka mitatu sasa ndiye mpiga besi wa kwaya ya vijana kanisani kwao. Ameandika kurasa mbili za daftari, na pembeni amechora shingo ya gitaa lenye nyuzi nne, akaweka alama ya msalaba mahali ambapo noti zinamwishia.

“Shikamoo Anti,” anaanza. “Mpiga kinanda wetu mpya anapenda nyimbo za E flati, D na C. Akishuka chini, mimi nyuzi zinaniishia. Narukia juu, wimbo unakuwa mwepesi, na mwalimu wa kwaya anageuka kuniangalia. Mwezi uliopita walikuja wageni na besi ya nyuzi tano, kanisa zima likatikisika. Kaka mmoja wa kwaya yetu akasema mbele ya wenzake kwamba ile besi si ya vidole vya kike. Nimejiwekea laki saba. Kariakoo kuna gitaa jipya la nyuzi tano, jina lake silijui, laki nne na nusu pamoja na mfuko. Kuna mtu mwingine huko huko Dar anauza Yamaha TRBX305 aliyoitumia, laki tano na themanini. Ninunue lipi? Au niachane nalo hili jambo?”

Asiachane nalo. Ila kabla ya kufungua pochi, kuna jambo anaweza kulifanya kwenye mazoezi ya Jumamosi hii bila kutoa hata shilingi.

Besi ya kawaida ina nyuzi za E, A, D na G. Ule uzi mnene wa E, ukipigwa wazi, hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na hapo ndipo mwisho wa chini. E flati iko hatua moja tu chini ya hapo, na D iko hatua mbili. Kwa hiyo aulegeze uzi wa E taratibu mpaka usome D. Papo hapo atakuwa na D nzito na E flati nzito kwenye besi ile ile ya kanisa. Gharama yake ni mazoea: kwenye uzi huo kila noti itasogea freti mbili, kwa hiyo F aliyoizoea freti ya kwanza ataikuta ya tatu, na G aliyoizoea ya tatu ataikuta ya tano. Siku mbili tatu zitamtatiza, kisha vidole vitakubali.

Njia hiyo haimfikishi C, na C ipo kwenye orodha ya mpiga kinanda. Hapo ndipo hitaji lake linapokuwa la kweli. Wengi wanaitaka besi ya nyuzi tano kwa sababu wameiona kwa wageni, na hao wangeweza kushauriwa watulie na nne walizo nazo. Besi ya Tom Malanga katika “Sina Makosa” ya Les Wanyika, ambayo Afrika Mashariki nzima huitambua ikianza tu, ni ya enzi ambazo besi ya nyuzi tano yenye B nzito ilikuwa bado haijafika madukani. Lakini dada huyu hakuandika kwamba anataka kufanana na wageni. Ametaja funguo tatu, akachora na mahali anapokwama. Mwanamuziki anayelijua tatizo lake kiasi hicho anastahili chombo cha kulitatua.

Uzi wa tano haukuanza kuwa mzito. Mwaka 1965 Fender walitoa besi ya nyuzi tano iliyoongezewa uzi mwembamba juu, wa C, na haikudumu sokoni. Katikati ya miaka ya 1970 mpiga besi Mmarekani Jimmy Johnson aliwaomba watengenezaji wa Alembic wamwekee uzi wa B chini ya E, na mpango huo ndio uliokuja kuenea. Kwa mpango huo C ya dada huyu iko freti ya kwanza ya uzi wa B, D freti ya tatu, E flati ya nne. Mkono unatulia sehemu moja na noti zote zipo.

Tatizo ni kwamba B hiyo hutetemeka kama mara 31 tu kwa sekunde. Ili uzi ushuke kiasi hicho ndani ya urefu ule ule, lazima uwe mnene sana au ulegee. Watengenezaji hufanya yote mawili, na kwenye gitaa lililotengenezwa ovyo matokeo yake ni uzi unaoyumba kama kamba ya kuanikia nguo: unapigwa, unanguruma, na noti yenyewe haijulikani ni ipi. Besi nyingi za nyuzi tano zina urefu wa inchi 34 kati ya kile kipande chenye mifereji juu ya shingo na daraja linaloshika nyuzi chini. Baadhi huongezewa inchi moja. Inchi hiyo hukaza uzi kwa karibu asilimia 6, na pia humwongezea mpigaji safari ya kunyoosha mkono. Kwa mtu mwenye mkono mdogo safu hii haiishauri. Besi ya inchi 34 yenye shingo imara inatosha kabisa.

Kwa hiyo swali la kumwongoza dukani ni hili: B inasema au haisemi? Pesa ya ziada anayoilipa juu ya besi ya nyuzi nne ni ya uzi huo mmoja. Ukiwa bubu, amenunua besi ya nyuzi nne yenye shingo nene.

Namna ya kuupima ni rahisi. Aupige B wazi, auache uimbe mpaka uishe, asikilize kama noti inabaki pale pale au inapanda na kushuka. Kisha abonyeze B kwenye freti ya tano, ambayo ni E, na papo hapo apige uzi wa E ukiwa wazi. Noti ni moja, sauti zitatofautiana kidogo, lakini ikiwa moja ni ya watu wazima na nyingine kama ngoma iliyolowa, alirudishe gitaa ukutani. Baada ya hapo apande freti moja moja kwenye kila uzi, bila haraka, akisikiliza mkwaruzo. Muuzaji anaweza kuanza kuguna. Amwache agune.

Programu ya kutuni kwenye simu mara nyingi hushindwa kuisoma B kwa sababu iko chini mno. Ujanja wa wapiga besi ni kuugusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12, bila kuubonyeza, kisha kuupiga. Hutoka sauti nyembamba ya juu ambayo simu huisoma vizuri. Hapo hapo abonyeze freti ya 12 kikamilifu na kulinganisha. Tofauti ndogo fundi huirekebisha kwenye daraja. Ikiwa kubwa na daraja limeshafika mwisho, hakuna fundi atakayeiponya.

Kipaza sauti cha dukani nacho kinaweza kumdanganya. Vile vidogo vya mazoezi, vyenye spika ya inchi nane, haviwezi kuitoa B ilivyo, kwa hiyo besi nzuri inaweza kuonekana mbovu. Achukue hedifoni nzuri, aombe zichomekwe kwenye kipaza sauti hicho hicho, na asikilize tena. Na akifika nyumbani asichomeke besi kwenye sabufa ya sebuleni na kufungulia sauti mpaka mwisho. Spika hizo hazikutengenezwa kupokea uzi mbichi wa B na huchanika.

Kuhusu vidole vya kike, yule kaka amekosea, na vipimo vinaonyesha hivyo. Kinachosumbua mkono kwenye nyuzi tano ni upana. Kwenye besi nyingi za nyuzi nne, uzi na uzi hupishana kama milimita 19 pale darajani. Yamaha ile ya TRBX305 ina 18. Ibanez GSR205, ambayo nayo ni ya bei ya wanaoanza, ina 16.5, na wenye mikono midogo wengi huipenda kwa sababu hiyo. Mkono wa mwanamke hauna kasoro yoyote hapo. Kinachotaka kujifunzwa upya ni mkono wa kulia: uzi wa B hupenda kuitikia wenyewe nyuzi nyingine zinapopigwa, kwa hiyo dole gumba lilale juu yake na kuunyamazisha, lishuke hadi E mkono unapoenda nyuzi za juu. Wanaume wenye viganja kama sahani nao hujifunza hivyo hivyo, na wasipojifunza kanisa husikia muungurumo.

Lipi basi? Yamaha ya mkononi, ikipita mtihani wa B. Gitaa lisilo na jina linaweza kuwa zuri, yapo, lakini mtu aliye Mbeya hawezi kulirudisha Kariakoo wiki ijayo shingo ikipinda. Aitazame Yamaha shingo yake kwa kuilenga kama fundi seremala anavyolenga mbao, azungushe kila kitufe akisikiliza mikwaruzo, na akague sehemu ya betri kama ina kutu. Besi hiyo hutumia betri ya volti 9, na betri ikiisha ananyamaza katikati ya ibada. Akimaliza kupiga achomoe waya, maana waya ukibaki umechomekwa betri inaendelea kuliwa.

Laki moja na ishirini inayobaki isiguswe kwa mapambo. Iende kwenye nyuzi mpya, mkanda mpana, waya mzuri, mfuko wenye sponji na fundi. Seti ya nyuzi tano ni ghali kuliko ya nne, kwa hiyo zile za zamani asizitupe. Zikichemshwa kwenye maji safi na kukaushwa vizuri, grisi ya vidole hutoka na mlio hurudi kwa muda. Fundi naye ni wa lazima: shingo iliyozoea unyevu wa Dar hujipinda kidogo ikifika baridi kavu ya Mbeya, na chuma kilicho ndani yake huhitaji kuzungushwa kidogo tu, robo mzunguko, na anayejua.

Kwenye basi la kurudi Mbeya alegeze nyuzi kidogo na akae na gitaa lake. Buti lina magunia.

Limebaki jambo ambalo hakuliuliza. Chombo kikiingia kanisani bila maneno, baada ya mwaka mmoja kinakuwa cha kwaya, na mwenyewe akiolewa Iringa anaondoka mikono mitupu. Kabla ya kulipeleka gitaa mazoezini, amwombe katibu wa kwaya aandike kwenye daftari la mali kwamba besi hiyo ni ya kwake na kwaya inaazima, waweke sahihi wote wawili, pamoja na namba iliyopigwa kwenye gitaa. Kisha Jumamosi amwambie mpiga kinanda aanze na ule wimbo wa C.