Kamioneti inayokaa kitako

Ndugu msomaji, labda utajiuliza: mtu wa dispansere anatafuta nini chini ya kamioneti? Kazi yake si sindano na bendeji? Ni kweli. Lakini watu wanaoletwa kwetu na mgongo ulioumia, au mguu uliovunjika kwa kuanguka toka juu ya mizigo, wengi wanatoka nyuma ya kamioneti. Tena kamioneti ile ile iliyobeba simenti mchana ndiyo inayoletea wagonjwa usiku. Basi resori za nyuma ni habari ya garaji, na ni habari ya dispansere vilevile.

Umekwisha kuona kamioneti imejaa, nyuma imekaa kitako, pua inaangalia mbinguni. Watu wanacheka wakisema: "Hii imeshiba." Wewe shofere usicheke, angalia mambo manne.

La kwanza, usukani unakuwa mwepesi. Kamioneti ni kama ubao wa watoto wa kupandia, huyu akishuka yule anapanda. Mzigo ukikaa nyuma ya magurudumu ya nyuma, unanyanyua magurudumu ya mbele, na hayo ndiyo yanayokata kona, tena ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi ya freni. La pili, ponti ya nyuma inakaribia chasi. Kati yao kuna kizuio cha mpira. Kizuio kikikwisha kugusa, resori haina tena nafasi ya kufanya kazi, na kila shimo la barabara linapiga chasi, linapiga na uti wa mgongo wa waliokaa nyuma. La tatu, mipira ya magurudumu inapata moto, na mpira wenye moto unapasuka. La ine ni taa, na hili shofere wengi hawalijui.

Tupige hesabu ya taa. Tuseme kutoka magurudumu ya mbele mpaka ya nyuma ni metri 3, na nyuma imeshuka santimetri 10. Taa ya chini imepangwa kushuka kama santimetri 1 kwa kila metri. Sasa, kwa sababu ya pua kupanda, inapanda santimetri 2 na zaidi kwa kila metri. Kwa mbali ya metri 30 mwangaza umepita juu ya kimo cha taa kwa santimetri 70 hivi, yaani unaingia sawasawa katika macho ya mwenzako anayekuja. Wewe unaamini umeweka taa ya chini. Yeye anakutukana, na kwa dakika ile haoni tena mtu wa kinga anayepita kandokando. Katika njia ya Lubumbashi kwenda Likasi, karibu kilometri 120 zenye makamioni makubwa ya madini usiku na mchana, hilo si jambo dogo.

Dawa ni nini? Wengi wanakimbilia garaji kuomba walama zaidi. Ngojeni kwanza. Daktari mzuri hatoi dawa mbele ya kupima mgonjwa.

Pima kamioneti ikiwa tupu, mahali pa sawa, mipira ikiwa na hewa inayotakiwa. Kwa metri ya kupimia, chukua kimo toka chini mpaka ukingo wa karoseri juu ya kila gurudumu, yote manne. Andika kwenye karatasi, uiweke ndani ya kabini. Kisha pakia, pima tena. Kamioneti tupu kwa kawaida nyuma yake iko juu kidogo, na ikipakiwa vizuri inakaa sawa. Ikiwa nyuma imepita mbele kwa kushuka, au upande mmoja umeshuka kuliko mwingine, kuna kitu. Upande mmoja tu ukishuka, mara nyingi ni lama iliyovunjika au mzigo uliowekwa vibaya.

Halafu hesabu kilo. Watu wanadanganyika hapa zaidi ya pengine pote. Kamioneti nyingi zinaruhusiwa kubeba karibu na tani 1, lakini usifuate maneno ya watu, soma kitabu cha motokari na kibao cha chuma cha kiwanda. Tuseme yako ni kilo 1 000. Umepakia mifuko 10 ya simenti: kilo 500. Pipa moja la litri 200 la mazuti: pamoja na chuma chake, karibu kilo 190. Watu wanne juu ya mzigo na mmoja pembeni ya shofere, kila mmoja kilo 70: kilo 350. Jumla ni 1 040. Umekwisha kupita, na bado hujafunga remorki! Watu hawajihesabu kuwa mzigo, lakini resori haijui kutofautisha mtu na simenti.

Na mchanga je? Karoseri ya urefu wa metri 1,80, upana metri 1,50 na kimo santimetri 40 inaingiza metri kibe 1 na kidogo. Metri kibe moja ya mchanga mkavu inakaribia tani 1 na nusu, na mchanga uliolowana na mvua unazidi. Kwa hiyo kamioneti iliyojazwa mchanga mpaka ukingo imezidisha mzigo, hata ikiwa ya aina gani. Makala ni kinyume: mifuko inapanda juu kama nyumba, kilo si nyingi sana, lakini uzito uko juu na kamioneti inataka kulala kwenye kona.

Ukikwisha kuhesabu, dawa ya kwanza haina bei: punguza, au sogeza. Weka vitu vizito chini, kando ya kabini, mbele ya ponti ya nyuma. Pipa la mazuti lililofungwa kwa mlango wa nyuma, lipeleke kabini, ufunge kwa kamba nzuri au mnyororo. Utaona kwa macho nyuma inapanda.

Remorki inataka akili zaidi. Kilo zinazokaa juu ya kroshe hazibaki vile zilivyo. Tuseme shingo ya remorki inalemea kilo 100, na kroshe iko metri 1,20 nyuma ya ponti. Kwa kamioneti ya metri 3 kati ya magurudumu, ponti ya nyuma inapokea kilo 140, na magurudumu ya mbele yanapoteza kilo 40. Ni ule ubao wa watoto. Shofere wengine wakisikia hivyo wanasukuma mzigo wa remorki nyuma kabisa kusudi shingo iwe nyepesi. Hiyo ni hatari kubwa kuliko ya kwanza! Remorki yenye shingo nyepesi inaanza kutikisa mkia kama mbwa, kushoto kuume, na ikikwisha kuanza katika mtelemko, inakokota kamioneti nzima. Kwa remorki nyingi za kuvutwa na kamioneti, shingo inatakiwa kubeba karibu sehemu 1 ya 10 ya uzito wote wa remorki, bila kupita kilo zilizoandikwa kwa kroshe na kwa kitabu. Remorki ya kilo 1 000 na mzigo wake, basi, kilo 100 hivi.

Utapimaje? Kwa mizani ya kupimia watu! Toa remorki, funga magurudumu yake kwa kale pande zote, uweke shingo juu ya mizani, kwa kimo kile kile cha kroshe. Ikiwa ni nzito kuliko mizani inavyoweza, chukua ubao wenye nguvu. Weka ncha moja juu ya tofali, nyingine juu ya mizani, kati yao metri 1,50. Soma kilo za ubao peke yake. Kisha shusha shingo juu ya ubao santimetri 50 toka kwenye tofali. Toa kilo za ubao, namba inayobaki uzidishe mara 3. Mizani ikionyesha 35, shingo ni kilo 105. Miguu na vidole viwe mbali, kwa sababu remorki inayoteleza haina huruma.

Sasa tuingie chini. Lakini mtu asiingie chini ya kamioneti iliyonyanyuliwa kwa kriki peke yake. Kriki ni ya kunyanyua, shandele ni za kushikilia. Anayesema "ni dakika moja tu" tunamjua.

Angalia walama moja moja. Iliyovunjika mara nyingi ina mstari wa kutu au pengo. Angalia bridi zinazofunga resori kwa ponti, msumari wa katikati, mipira midogo ya kwenye ncha. Resori iliyochoka inakuwa bapa hata ikiwa tupu. Inabadilishwa, haisemezwi. Na amortisere? Shofere wanatia amortisere mpya wakifikiri nyuma itapanda. Amortisere ya kawaida haibebi mzigo, inazuia tu resori isirukeruke. Ikiwa imekufa ibadilishe, lakini usiingojee ikunyanyulie simenti.

Kuna na dawa za barabarani. Kipande cha mti kati ya ponti na chasi: hapo umeondoa resori kabisa, na chasi ndiyo itakayopasuka. Lama iliyovunjika kuunganishwa kwa moto wa kulehemu: chuma cha resori kimepikwa kwa namna yake kiwandani, na moto wa kulehemu unaharibu upishi ule, basi kitavunjika kando ya kidonda. Tunawasifu mafundi wetu kwa akili nyingi, lakini hizo mbili zikataliwe.

Ikiwa kilo ziko sawa, mzigo uko mahali pake, resori ni nzima, na bado nyuma inashuka sababu kazi yako ni ya kubeba kila siku, hapo ndipo kuongeza kuna maana. Kuna namna tatu zinazojulikana. Unaweza kutia walama wengine wagumu, unaweza kutia lama ya msaada inayoanza kubeba wakati mzigo umekwisha kushusha karoseri, au unaweza kutia mifuko ya hewa inayopulizwa kwa mzigo na kupunguzwa ikiwa tupu. Mifuko ya hewa inapendeza, lakini inasukuma chasi mahali pamoja padogo, na mawe ya njia zetu ni makali. Mimi napenda lama ya msaada, na sababu yangu ni ya dispansere. Kamioneti yenye resori ngumu siku zote, ikiwa tupu, inaruka kama mbuzi. Usiku ule utakapoletwa mama mwenye uchungu wa kuzaa, au mtu aliyevunjika paja, kila jiwe atalisikia katika mifupa. Lama ya msaada, kamioneti ikiwa tupu, inanyamaza.

Neno moja kubwa kwa mafundi. Kamioneti nyingi zina kidude cha freni juu ya ponti ya nyuma, chenye fimbo inayopima nyuma imeshuka namna gani. Nyuma ikishuka, kinatuma nguvu zaidi kwa freni za nyuma. Ukinyanyua karoseri kwa resori mpya, kidude kinaamini kamioneti ni tupu, kinapunguza freni wakati umebeba tani nzima. Lazima kipangwe upya, na taa vilevile. Bridi zikazwe tena baada ya kilometri 500 hivi. Na tuelewane: resori mpya haziongezi kilo za kitabu. Ponti, mipira na freni ni zile zile za zamani. Karoseri imenyooka, lakini mzigo uliozidi bado umezidi, na sasa hauonekani.

Juu ya mizigo mtu asikae. Tunajua wanakaa, siku ya posho na siku ya mazishi. Basi akianguka mtu, akalalamika mgongo au shingo, au akasema miguu haisikii, msimkamate kwapani kumkalisha. Abaki alivyolala, mmoja ashike kichwa kisigeuke, mwingine aende kutuita. Kama hakuna namna nyingine ila kumhamisha, watu wanne au watano wamnyanyue pamoja, kichwa, shingo na kiwiliwili katika mstari mmoja, wamweke juu ya mlango au ubao mpana, wamfunge.

Mgonjwa analazwa mbele, karibu na kabini, kwa maana nyuma ya ponti ndipo panaporuka zaidi. Ikiwa kamioneti ina resori ngumu, tieni mifuko 4 ya mchanga ya kilo 50 juu ya ponti, ifungwe isitembee. Kamioneti italainika. Mwendo uwe wa pole hata ndugu wakipiga kelele.

Mizani yetu iko mlangoni mwa dispansere. Shofere anayetaka kupima shingo ya remorki aombe asubuhi, baada ya kupima watoto, na airudishe imefutwa grisi.